Kongowea Ipi?

Simama kituo cha matatu mjini Mombasa ukawasikilize makanga. "Kongowea! Kongowea!" Maana yake haina utata: utavuka Daraja la Nyali, utashushwa ng'ambo, mbele ya soko kubwa la mboga, matunda na mitumba. Sasa acha hilo gari, ingia kwa miguu Mji wa Kale, tafuta baraza lenye wazee na dele la kahawa chungu, uliza Kongowea iko wapi. Mimi niliuliza hivyo Kibokoni. Mzee aliyekuwa karibu nami hakuinua hata macho. "Ndipo hapa ulipokeleti, mwanangu." Jina ni moja, pwani ni mbili, na katikati yake pana maji. Nani kati ya makanga na mzee anasema kweli?

Nilianza na karatasi za leo, kwa kuwa ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Kaunti ya Mombasa ina maeneo bunge sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Kisiwa kizima kimo ndani ya Mvita. Kongowea ni wadi, na wadi hiyo imo Nyali, bara ya kaskazini. Kwa hesabu ya kura, basi, Mvita na Kongowea ni majirani wasiochanganyika: kila mmoja na mbunge wake. Lakini katika masimulizi ya wenyeji, Mvita na Kongowea ni majina mawili ya mji mmoja, na mji huo ulikuwa kisiwani. Je, mipaka ya kura imetenganisha kilichokuwa kimoja, au ni masimulizi yaliyounganisha vilivyokuwa viwili?

Masimulizi yenyewe yanajulikana na wengi. Hapo kale alikuwako malkia, Mwana Mkisi, mwenye mji wa Kongowea. Akaja Shehe Mvita, Mwislamu, akashika utawala, akajenga msikiti wa kwanza wa mawe, na mji ukaitwa kwa jina lake. Husimuliwa barazani, na husomwa katika vijitabu vya wageni. Ni hadithi iliyonyooka mno. Mwanamke anampisha mwanamume, dini ya kale inaipisha mpya, jina la kwanza linalipisha la pili, yote kwa mpigo mmoja. Historia ya kweli huwa na makunyanzi. Tena, hadithi za asili ya miji zina tabia ya kulichukua jina la mahali na kuliumbia mtu. Kabla ya kumkubali malkia na shehe wake, karatasi za zamani zaidi zinasema nini?

Ya kwanza ninayoiamini ni ya mwaka 1154. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyefanya kazi katika ufalme wa Sicily, aliutaja mji wa Manbasa katika nchi ya Wazanji. Anasema watu wake wanachimba chuma na kuwinda chui, na wana mbwa wekundu wanaopambana na wanyama wakali. Picha nzuri, lakini al-Idrisi hakufika pwani yetu. Aliandika aliyosimuliwa na mabaharia na wafanyabiashara, na baadhi ya waliomsimulia huenda nao walisimuliwa. Jambo moja tu linanihusu hapa: anaandika Manbasa. Kongowea haimo. Ni kwa sababu haikuwapo, au ni kwa sababu mabaharia walikuwa na jina lao na wenyeji walikuwa na lao?

Shahidi wa pili alifika kwa miguu yake. Ibn Battuta alipita mwaka 1331, akiwa njiani kwenda Kilwa. Anaeleza kisiwa chenye migomba, milimau na michungwa, ambacho watu wake hawalimi nafaka; nafaka huletwa kutoka nje. Chakula chao ni ndizi na samaki. Anawasifu kwa dini yao, na anasema misikiti yao ni ya mbao, imejengwa imara. Kwenye mlango wa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili, vifupi, kina cha dhiraa moja au mbili, na maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti. Mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Mtu aliyeona kijiti cha kuchotea maji hakosi kusikia jina la mji. Naye pia anaandika Manbasa. Iwapo mwaka 1331 misikiti ilikuwa ya mbao, je, Shehe Mvita na msikiti wake wa mawe alikuja baadaye?

Nilivutwa sana na wazo hilo. Lingenipa tarehe, na mtafutaji wa historia ana njaa ya tarehe. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, waakiolojia walifukua misikiti ya miti na udongo chini ya misikiti ya mawe, kwa hiyo mfuatano wa mbao kwanza kisha mawe si wa kubuni. Lakini Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu. Mgeni wa usiku mmoja huona msikiti wa karibu na bandari na njia ya kurudi chomboni. Hawezi kutuhakikishia kwamba hapakuwa na ukuta wa mawe upande wa pili wa kisiwa. Njia hii ikaishia hapo. Vipi wageni waliokuja baada yake, waliokaa zaidi ya usiku mmoja?

Wote wanaimba wimbo uleule. Ramani ya Kichina inayohusishwa na safari za Zheng He, za mwanzo wa karne ya 15, ina Manbasa. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, na Wareno wakaandika Mombaça. Kwa jina hilo waliuchoma mji mwaka 1505, na kwa jina hilo walijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596. Camões alilitia katika utenzi wake wa 1572. Hata Mwingereza Milton, ambaye hakuijua bahari hii, aliandika Mombaza katika utenzi wake wa 1667. Zaidi ya miaka 500, lugha tofauti, jina moja. Ninachokiona ni kwamba Mombasa ni jina lililoandikwa na waliokuja kwa bahari. Muda huo wote, Kongowea ilikuwa imejificha wapi?

Ilikuwa kinywani mwa wenyewe. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, anautaja mji wake kwa jina la Mvita, na kwa jina la Gongwa, ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo Kongowea kwa umbo jingine. Anamtaja pia Mwana Mkisi. Mashairi hayo yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua, akayakusanya pamoja na mmishonari W. E. Taylor, yakachapishwa na Hichens mwaka 1940, kisha Mohamed Abdulaziz akayachambua upya katika kitabu cha 1979. Huu ni ushahidi wa maana: mtu wa kisiwani, mwenye lugha, anakiita kisiwa chake hivyo. Hata hivyo, mshairi hufuata mizani na vina, na jina la kale humpa heshima anayoitaka. Shairi linathibitisha kwamba jina lilikuwa hai na lilihusu kisiwa. Halichori mpaka. Kama maneno hayachori mpaka, ardhi inachora?

Niliifuata ardhi. Ukitoka Ngomeni, yaani Fort Jesus, ukashika Ndia Kuu, ukaiacha nyumba ya Leven na Bandari ya Kale mkono wako wa kulia, ukapita hadi Marikiti na kuendelea kaskazini, utafika kwenye hospitali kuu ya Pwani, ile ambayo watu wa mjini wamezoea kuiita Makadara. Katika miaka ya 1970 waakiolojia walichimba hapo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1980. Walikuta mabaki ya makazi ya karibu miaka 1,000 iliyopita, yaliyoendelea hadi mwanzo wa karne ya 16. Vigae vya vyungu vya kienyeji vilikutwa pamoja na vigae vya vyombo kutoka ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo mji tunaouita wa kale, wenye vichochoro na milango ya nakshi, una mwenzake wa kale zaidi upande wa kaskazini. Mji ulisogea. Kama mji wenyewe ulisogea ndani ya kisiwa, kwa nini jina lake lisiweze kusogea hadi ng'ambo?

Tusikimbie. Hakuna aliyefukua kibao kilichoandikwa Kongowea. Kigae kinaweza kukuambia kilitoka nchi gani na karne gani. Hakiwezi kukuambia mwenye nyumba aliuitaje mtaa wake. Wanaosema kwamba pale hospitalini ndipo palipokuwa mji wa Mwana Mkisi wameyaunganisha masimulizi na machimbo, na muungano huo una mantiki: mahali ni pa kale, panatangulia mji wa sasa, na masimulizi yanataka mji uliotangulia. Lakini mantiki ni nusu ya kazi. Ukiyachukua masimulizi kukutafsiria vigae, kisha ukavichukua vigae hivyohivyo kuyathibitisha masimulizi, umezunguka duara. Nilihitaji shahidi asiyetegemea lolote kati ya hayo mawili. Je, kisiwani kuna majina mengine ambayo safari zake zinaweza kufuatwa?

Yako, na yamekaa wazi kabisa. Waswahili wa Mombasa wamejihesabu kwa muda mrefu kuwa Taifa Kumi na Mbili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Soma tena orodha hiyo polepole. Kilifi haiko kisiwani. Mtwapa haiko kisiwani. Pate na Faza ziko mbali, katika visiwa vya kaskazini. Miji mingi ya pwani ya kaskazini ilipata misukosuko katika karne ya 16 na ya 17, watu wakahamia Mombasa na majina ya makwao. Mtwapa ikabaki kuwa magofu huku Wamtwapa wakiwa na baraza lao mjini. Mombasa, basi, ni mji uliozoea majina yanayotembea. Je, yupo aliyeibeba Kongowea namna hiyo?

Hapo nilikutana na pengo lililonishughulisha kuliko yote. Katika taifa zote kumi na mbili hakuna Wakongowea. Wamvita wamo, na ndio wanaolichukua jina la shehe. Lakini watu wa malkia, wenye mji unaodaiwa kuwa wa kwanza, hawana taifa lao. Unaweza kusema walimezwa na Wamvita, utawala ulipobadilika. Unaweza pia kusema kwamba Kongowea haikuwa jina la watu hata siku moja. Ilikuwa jina la mahali tu, na mahali hapana ukoo. Maelezo ya pili yananivutia zaidi, kwa sababu hayahitaji tubuni watu waliopotea. Lakini jina la mahali lisilo na watu wake huishije karne kadhaa?

Jibu moja liko upande wa pili wa kisiwa. Wakilindini na wenzao wa Thelatha Taifa walikuwa na mji wao pwani ya magharibi, mbali na Mji wa Kale, karibu na pale unapoona leo Mnara wa Mbaraki. Baadaye walihamia upande huu wa mashariki. Watu waliondoka na jina, na jina likabaki pia. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na meli kubwa zikahitaji maji ya kina, ni Kilindini ile iliyochukuliwa kuwa bandari. Leo ukimwambia mtu wa Kisumu au Kampala "Kilindini", ataona makreni na makontena. Hataona kabila la Waswahili wala msikiti wao. Jina moja linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja bila kugombana. Ikiwa Kilindini iliweza kubaki na kuhama kwa pamoja, ni kipi kati ya hayo kilichotokea kwa Kongowea?

Kabla ya kujibu ilinibidi niondoe takataka njiani. Lipo elezo linalosambaa kwamba Kongowea inatokana na Kongo, na kwamba Mkisi ni neno la Kikongo la mambo matakatifu. Hivyo waanzilishi wa Mombasa walitoka Afrika ya kati. Linasisimua. Lakini lugha za Kibantu ni ndugu, na ndugu kufanana sura si ushahidi kwamba mmoja alilala kwa mwenziwe. Anayetaka kuhamisha watu kutoka bahari moja hadi nyingine anahitaji njia, karne, vyungu, chochote. Hapa hakuna ila sauti mbili zinazofanana. Niliijaribu pia Kongowe ya Tanzania, kwa kuwa ziko mbili, moja Mbagala na nyingine Kibaha. Nazo zinafanana kwa sauti, na hapo ndipo zinapoishia. Lakini je, kufanana kwa majina ya pwani ni jambo la nadra kiasi cha kuhitaji hadithi kubwa hivyo?

Si nadra hata kidogo. Iko Malindi ya Kenya, na iko Malindi ya Mji Mkongwe wa Unguja. Shangani iko Unguja, iko na Mogadishu. Kisauni ya Mombasa ina pacha wake Unguja, palipo uwanja wa ndege. Makadara iko Mombasa, iko na Nairobi. Mombasa yenyewe ni mtaa wa Unguja, na ni kituo cha daladala Ukonga, Dar es Salaam. Sehemu nyingine majina hayo yamehama na watu. Sehemu nyingine neno moja limetumika mahali pawili kwa sababu lugha ni moja. Lakini pacha hao wote wametengana kwa safari ya jahazi au ya basi. Kongowea mbili zimetengana kwa mkono wa bahari ambao ukisimama ufuoni unamwona mtu wa upande wa pili akitembea. Nani hubeba jina safari fupi kiasi hicho?

Swali hilo lilinivusha. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. La sasa ni la 1980. Kabla ya lile la kwanza, watu walivuka kwa vyombo. Sokoni Kongowea, njia ni ya kupigania: hamali na mikokoteni yao, magunia ya viazi na vitunguu, machungwa yaliyomwagwa juu ya turubai, akina mama wakipanga nyanya mafungu mafungu, na sauti ya "Pisha njia!" isiyomngoja mtu. Nilimuuliza muuza nazi kama amepata kusikia kwamba Kongowea ilikuwa kisiwani. Alinitazama huku akiendelea kuifua nazi. "Kwani kuna nyengine?" Mteja wake, mama wa Majengo, alikuwa amevuka asubuhi hiyo kununua vya biashara yake ya chakula. Kisiwa kinakula kutoka wapi, ikiwa si huku?

Hapo nikamkumbuka tena Ibn Battuta na ile nafaka yake isiyolimwa kisiwani. Kisiwa hiki hakijawahi kujilisha. Katika karne ya 19 watu wa mjini walikuwa na mashamba bara, Kisauni, Changamwe na Likoni, na walivuka kulima, kuvuna na kurudi. Mji wa pwani haukuwa nyumba za mawe peke yake. Ulikuwa nyumba, bandari, na shamba la ng'ambo. Sasa iweke ramani mezani. Machimbo ya hospitalini yako upande wa kaskazini mashariki wa kisiwa, yanatazama maji. Ng'ambo ya maji hayo ni bara ya Nyali na Kongowea ya leo. Mji wa kale zaidi na mahali palipobaki na jina lake vinatazamana. Vipi ikiwa hapakuwa na Kongowea mbili, bali Kongowea moja iliyokuwa na mguu huku na mguu kule?

Dhana hii ni tamu kwangu, na kwa sababu hiyo inastahili kupigwa kwa nguvu. Pigo la kwanza: jina la bara huenda ni jipya. Mwenye shamba wa karne ya 19, aliyeyazoea mashairi, angeweza kulipa shamba lake jina la fahari la mji wake wa kale. Pigo la pili: wakazi wa bara hiyo walibadilika sana. Mwaka 1875 wamishonari walianzisha hapo Freretown, makazi ya watu waliokombolewa utumwani, waliotoka nchi nyingi. Kisha yakaja mashamba makubwa ya mkonge, kisha mitaa, kisha soko. Mahali palipopokea watu wapya kiasi hicho si pa kutegemewa kwa kumbukumbu ya mdomo ya miaka 500. Mapigo yote mawili ni mazito. Je, yanaiangusha dhana?

Yanaiyumbisha, hayaiangushi. Hata kama jina la bara ni la karne ya 19, aliyelipeleka alilipeleka kwa sababu shamba na mji vilikuwa milki ya watu walewale, na hilo ndilo ninalolidai: jina lilifuata mtumbwi na jembe. Elezo jingine, kwamba mji mzima ulihamia bara na jina lake, linagonga ukuta: hakuna simulizi la uhamaji huo, na hakuna taifa la Wakongowea lililobaki kulisimulia. Elezo la kwamba asili ni bara na kisiwa ndicho kilichoazima, linagombana na Muyaka na wazee wa barazani, ambao hawamweki Mwana Mkisi popote ila kisiwani. Kati ya maelezo matatu, la mji wenye miguu miwili ndilo linalotaka ubunifu mchache zaidi. Na yule Shehe Mvita tuliyemwacha nyuma, naye tumweke wapi?

Kuhusu Mvita, wengi hupenda kusema jina limetokana na vita, na orodha ya vita ni ndefu: 1505, 1528, 1589, maasi ya 1631, kuzingirwa kwa Ngome tangu 1696 hadi 1698. Lakini masimulizi yenyewe hayasemi hivyo. Yanamweka shehe kabla ya vita hivyo vyote, na yanasema ukoo wake ulitawala mpaka mwisho wa karne ya 16. Hao watawala wa mwisho hawana utata mkubwa. Utata uko kwa wa kwanza. Ninachoweza kukikubali ni hiki: Mvita lilikuwa jina la watawala na watu wao, ndiyo maana limezaa Wamvita na Kimvita. Kongowea lilikuwa jina la mahali, ndiyo maana halikuzaa taifa wala lahaja. Mombasa lilikuwa jina la bandari, kinywani mwa wageni. Majina matatu hayakufuatana kama wafalme. Yaliishi pamoja, kila moja na kazi yake. Kama ni hivyo, kwa nini tunashikilia kuyapanga foleni?

Kwa sababu foleni ina faida kwa anayesimama mbele. Pwani hii ina migogoro ya ardhi isiyokwisha, na katika migogoro hiyo jina la kale hutolewa kama mtu anavyotoa hati: babu zetu ndio wa Kongowea, nyinyi mlikuja juzi. Mwenye kisiwa analitumia kumwambia wa bara kwamba jina lake ni la kuazima. Mwenye bara anajibu kwamba jina liko kwake, soko liko kwake, na wadi iko kwake. Nimezipima hoja zote mbili kwa karatasi, kwa shairi na kwa vigae, na sioni hata moja inayoweza kusimama peke yake. Nani, basi, ana haki ya jina?

Uamuzi wangu ni huu. Mzee wa Kibokoni anasema kweli, na makanga wa matatu anasema kweli. Kongowea ilikuwa kisiwani, na Kongowea iko ng'ambo, kwa sababu mji wa kale wa Mombasa haukuishia ufuoni. Anayelitumia jina hilo kumtoa mwenziwe katika historia amelisoma nusu. Jina si hati ya kiwanja.

Kazi iliyobaki si ya mwandishi mmoja. Kuna nyumba kisiwani na bara zenye masanduku ya hati za mashamba zilizoandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na katika hati hizo mipaka hutajwa kwa majina: kisima fulani, mbuyu fulani, shamba la fulani. Hati moja ya zamani inayotaja Kongowea ya ng'ambo itatufaa kuliko mabishano ya barazani ya mwaka mzima. Ewe msomaji uliye nayo, usiiuze na usiitie moto. Ipeleke ipigwe picha na kuhifadhiwa, kisha uirudishe sandukuni kwako. Na mwenye mzee wa miaka 80 nyumbani, aliyevuka kwa mtumbwi pamoja na wazazi wake kwenda shamba, amrekodi wiki hii, ataje bandari waliyoshukia na majina ya mashamba waliyopita.